"Wala hapana bahari tena" (Ufunuo 21:1) – mama kaniuliza swali nimeshindwa kulijibu

binti_wa_weti

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie na naomba msome mpaka mwisho maana ni refu kidogo.

Mie mzaliwa wa Weti, Pemba, ila sasa nakaa Unguja, Kisauni, kwa ajili ya kazi. Mama bado yupo Pemba. Baba alikuwa mvuvi wa mshipi, Julai 2006 kusi, ule upepo wa kusini, limeshika kweli kweli akatoka na ngalawa yeye na mwenzake mmoja, wakapita mlango wa Njao kwenda mkondoni na hawakurudi. Majirani zetu, Waislamu wote wale, walitoka na madau siku tatu wanatafuta, wakapiga simu mpaka Wasini na Shimoni upande wa Kenya labda upepo umewasukuma huko, hakikuonekana hata kipande cha ubao. Kwa hiyo sisi hatuna kaburi. Kila 2 Novemba, siku ya marehemu wote, wenzetu wanakwenda kupalilia makaburi yao na kuwasha mishumaa, mama ama anabaki ndani ama anashuka pwani peke yake anasimama tu halafu anarudi.

Sasa Jumapili ilopita nilikuwa Pemba, somo lilikuwa Ufunuo 21 mbingu mpya na nchi mpya. Mhubiri alihubiri vizuri sisemi, ila pale penye "wala hapana bahari tena" alipapita mbio akaenda kwenye malango ya lulu na njia ya dhahabu. Tukarudi nyumbani mama kimya. Jioni tunachagua mchele kwenye ungo ndo akaniuliza, bila ya kuniangalia, "Kama bahari haitokuwepo, baba yenu atatokea wapi?"

Nilikosa la kusema. Nikamwambia ntauliza. Nikauliza kwenye grupu letu la WhatsApp nikatumiwa klipu ya dakika 40, chati ya wanyama na pembe kumi na mwaka ambao mtu kaukokotoa kuwa ndo mwisho. Mama hakuuliza mwaka. Mie nimekulia kanisani, najua Mungu atashinda, naimba kila siku kuwa atashinda, lakini nimegundua sijui huo ushindi unamfikiaje mtu kama baba yangu aliye chini ya mkondo wa Pemba. Nitampigia simu mama Jumamosi. Nimwambie nini?

mlinzi_wa_mnara

Shalom dada, pole sana. Kwanza elewa kwamba Ufunuo ni kitabu cha ishara. Bahari pale si bahari hii ya maji, bahari ni mataifa yenye fujo, soma Ufunuo 17:15 imeelezwa wazi kwamba maji ni jamaa na makutano na mataifa na lugha. Kwa hiyo hapana bahari tena maana yake ni kwamba hakutakuwa na mataifa yanayompinga Mungu, Mpinga Kristo amekwisha, joka amekwisha. Dalili zote ziko mbele ya macho yetu, vita, matetemeko, upendo wa wengi umepoa, tuko ukingoni kabisa. Mwambie mama ajiandae.

Tahadhari moja kwa upendo, kuna watu watakuletea Ufunuo 20:13 bahari ikawatoa wafu wake. Usimpe mama mstari huo kama faraja, kwa sababu ile ni hukumu ya mwisho baada ya miaka elfu ya Kristo kutawala, wanaofufuliwa pale ni waovu. Waliokufa katika Kristo wanafufuliwa mwanzo wa ile miaka elfu, Ufunuo 20:5-6.

binti_wa_weti

Asante mtumishi kwa muda wako ila sasa umenitia hofu zaidi ya nilokuja nayo. Nikimwambia mama bahari ni mataifa ataniuliza tena swali lile lile.

nahodha_mstaafu

Binti yangu pole. Pole na mama yako mpe. Mimi nimevua miaka 31, nimelala dago, kambi za wavuvi, Tumbatu mpaka Kojani, mkondo huo alozama baba yako naujua, ni kina ambacho hakuna nanga inayogusa chini na kusi likipiga na maji yanakokota kwenda kaskazini ngalawa ikishapinduka kule haitafutwi tena inaombewa. Nimepoteza ndugu mmoja na marafiki ambao sitaki kuwahesabu. Na Septemba 2011 ilipozama meli ya abiria MV Spice Islander ile ikitoka Unguja kwenda Pemba mimi nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama ufukweni Nungwi, hayo niliyoyaona sitayaandika humu. Ninachotaka kusema ni kwamba wako mamia ya mama kama mama yako, Waislamu na Wakristo, wote hawana kaburi. Swali lake si la mtu asiyejua dini. Ni swali la mjane wa mvuvi, na Biblia imelijibu, ila huyo mhubiri alipita mbio kama ulivosema.

Chukua Biblia fungua usome kwa mpangilio ulivyo. Usianzie 21, rudi nyuma aya chache tu. 20:13 inasema "Bahari ikawatoa wafu waliokuwa ndani yake". Halafu ndo inakuja 21:1 hapana bahari tena. Umeona ipi imetangulia? Bahari haiondoki na watu wetu tumboni. Inawatoa kwanza. Inasimamishwa pale mbele ya kiti cheupe cha hukumu kama mdeni, inaambiwa toa ulivyochukua, inatoa mmoja mmoja mpaka wa mwisho, na ikishamaliza kutoa ndo haipo tena. Na angalia jambo jingine, Yohana kaitaja bahari kwanza, kabla ya Mauti na Kuzimu. Angeweza kusema tu makaburi yakatoa wafu ikatosha. Yeye mwenyewe alikuwa kisiwani Patmo, anaiona bahari kila asubuhi, naamini alijua wako watu watauliza na hawa wasiokuwa na kaburi je.

Mimi kila nikisoma Marko 4, wanafunzi wako chomboni maji yanaingia naye kalala kwenye mto, wanamwamsha, anaiambia bahari "Nyamaza, utulie" na pakawa shwari kuu, nasema mara ya kwanza aliiambia nyamaza na ikanyamaza, siku ya mwisho ataiambia rudisha na itarudisha. Mwenye sauti ni yule yule.

Mwambie mama yako baba atatokea humo humo baharini. Mwambie hivyo hivyo kwa maneno hayo asikuzungushe mtu na mataifa.

katekista_mkunazini

Nahodha umenitoa machozi, Mungu akubariki mzee wangu.

Nataka nimjibu kaka mlinzi_wa_mnara pale kwenye 20:13 kwa sababu dada kaogopeshwa na sidhani kulikuwa na haja. Ni kweli wako Wakristo wanaosoma ufufuo mara mbili na miaka elfu katikati, na wako wengi tangu zamani, Augustino yule askofu wa kale akiwemo, wanaosoma miaka elfu kuwa ni kipindi hiki hiki cha kanisa na ufufuo wa miili ni mmoja. Mimi niko upande huo wa pili ila sitaki tugombane, watu wa Mungu wamegawanyika hapo na wote wanamsubiri Bwana yule yule. Lakini soma 20:12, pale mbele ya kiti kitabu cha uzima nacho kilifunguliwa. Kingefunguliwa kwa sababu gani kama hakuna hata mmoja pale ambaye jina lake limo? Na Yohana 5:28-29 Bwana anasema wote waliomo makaburini wataisikia sauti yake na watatoka, waliofanya mema na waliofanya mabaya, saa moja.

Tena kanisa halikuwahi kuuona mstari ule kuwa wa waovu tu. Sisi Waanglikana kitabu cha sala cha 1662 kina maneno ya kuzikia mtu baharini, padri anasema tunautumainia ufufuo wa mwili siku bahari itakapowatoa wafu wake. Mabaharia wamezikwa kwa maneno hayo kwa zaidi ya miaka 300. Ni maneno ya maziko ya Mkristo kabisa, si ya mtu aliyelaaniwa. Kwa hiyo dada mpe mama mstari huo bila woga.

Sasa kuhusu bahari ni nini. 17:15 ni kweli inasema maji ni mataifa, lakini ni yale maji aliyokalia yule kahaba aitwaye Babeli, haijasema kila penye bahari kitabu kizima basi ni mataifa. Ukiifuata bahari toka mwanzo wa Ufunuo utaona ina kazi nyingi. Inamzunguka Yohana kifungoni, ndiyo ukuta wa jela yake. Sura ya 13 mnyama anatoka humo, kama wale wanyama wanne wa Danieli 7. Na sura ya 18, hapo ndipo sisi wa Unguja inatupasa tuvue viatu, manahodha na mabaharia wanasimama mbali wanalia kwa sababu Babeli umeungua na hakuna wa kununua shehena. Na shehena yenyewe imeorodheshwa. Soma polepole. Dhahabu, vyombo vya pembe, mdalasini, ubani, ngano, ng'ombe, na mwisho kabisa wa orodha, miili na roho za wanadamu. Pembe na mdalasini na watu, katika orodha moja, chombo kimoja! Hiyo Yohana kaandika karne ya kwanza juu ya Rumi lakini mtu yeyote aliyekulia Mji Mkongwe anajua anasoma nini.

Mimi nasali Christ Church Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na kanisa likaanza kujengwa pale pale juu ya kiwanja cha soko chini ya Askofu Edward Steere. Altare inasemwa iko ulipokuwa mti waliokuwa wakichapiwa watumwa. Bibi wa bibi yangu aliletwa na jahazi toka bara akiwa mtoto, akaishia Mbweni kwenye kijiji cha walioachwa huru, na yeye ndo alobahatika kufika. Wangapi walitupwa njiani? Hawana majina, hawana makaburi, hakuna aliyewaandika popote. Bibi alikuwa akitusimulia kuwa hakupenda kabisa kushuka pwani mpaka anakufa. Kwake yeye "hapana bahari tena" ingekuwa habari njema kuliko zote, kwamba hakuna tena njia ya kumchukua mtoto ukampeleka asikoweza kurudi.

Nikipiga magoti pale kupokea komunyo huwa nafikiria kwamba huu ni mfano mdogo sana wa Ufunuo 18 kwenda 21. Palipouzwa miili ya watu sasa tunagawiwa Mwili wa Bwana. Soko lile nguvu zake zote za dunia zilikuwa nyuma yake na limekwisha. Babeli nao utakwisha, na bahari itatoa hao wote wasio na majina, na baba yako akiwa nao.

mama_mwani

Nimesoma yote nimelia. Lakini jamani niseme la moyoni, mie sitaki bahari iondoke 😢 Nimehamia Jambiani kufuata maisha nalima mwani na wenzangu, maji yakitoka tunashuka yakijaa tunapanda, watoto wangu wamesoma skuli kwa bahari hii hii. Ndo nchi mpya gani isiyokuwa na bahari? Zaburi inasema bahari na ivume na vyote viijazavyo, itavumaje kama haipo? Na Ezekieli 47 mto unatoka hekaluni unakwenda kuyaponya maji ya bahari na wavuvi wanasimama wanatanda nyavu na samaki ni wengi mno. Kuna wavuvi pale, tena imetajwa na nyavu! Mume wa mama yake dada huyu alikuwa mvuvi, akifufuka akaambiwa hakuna pa kuvua?

nahodha_mstaafu

Mama mwani usiwe na wasiwasi mimi mwenyewe nawaza hilo. Naona hivi, Ufunuo 4 na 15 kuna bahari mbele ya kiti cha enzi lakini ni ya kioo. Walioshinda wamesimama kando yake na vinubi wanaimba wimbo wa Musa, ule alioimba Israeli wakishavuka. Ni bahari isiyoweza kumzamisha mtu. Ikiwa bahari hii imefutwa kabisa ama imeponywa kama ya Ezekieli mimi sijui na sijali sana, ninachojua ile iliyomla baba wa watu haipo tena.

katekista_mkunazini

Naungana na nahodha, ila mimi nasimama kwenye "hapana bahari tena" kama ilivyoandikwa. Tutaiona wenyewe.

mama_mwani

Na mie nasimama na Ezekieli 😊 na nyavu ntaleta.

jioni_forodhani

Samahani naingilia kati, mie naomba niseme juu ya hizo chati za miaka. Mwaka 1844 huko Marekani, William Miller na wafuasi wake waliamini Bwana anarudi 22 Oktoba, kwa hesabu za Danieli 8:14. Wako waliouza mali, wako walioacha mazao shambani hawakuvuna. Siku ikapita. Watu walilia usiku kucha wakisubiri na wengi waliacha imani moja kwa moja. Na Bwana alishasema siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika wa mbinguni, wala Mwana, ila Baba peke yake, Mathayo 24:36. Kwa nini tunaendelea kutumiana mambo haya? Mjane anauliza mume wangu atatokea wapi tunampa hesabu za pembe. Inaniuma sana, na naisema kwa sababu mama yangu mzazi alipewa mwaka na mtu aliyemwamini, mwaka ukapita, na mpaka leo Ufunuo haufungui. Kitabu ambacho ndani yake Mungu anafuta machozi yeye mwenyewe kwa mkono wake! Tumekifanya cha kutishia watu.

mlinzi_wa_mnara

Nimesoma yote. Mimi chati sikumtumia dada huyu ila nimewahi kuzisambaza, sikatai. Bado naamini ufufuo ni mara mbili na miaka elfu ni miaka elfu, hapo sijabadilika. Lakini nimerudia nilichoandika jana na nimeona nilijibu mstari sikumjibu mama. Dada nisamehe. Kwa upande wangu mimi ningemsomea 1 Wathesalonike 4, waliolala katika Yesu watatangulia kufufuliwa kabla sisi tulio hai hatujanyanyuliwa. Yaani baba atamwona Bwana kabla ya mama, na mama akifika atamkuta. Paulo hakuuliza kalala wapi, ardhini au mkondoni. Na pale pale kasema tufarijiane kwa maneno hayo, hakusema tukokotoe kwa maneno hayo.

Nimeacha kuposti zile klipu.

katekista_mkunazini

Amina kaka. Hapo sote tuko chombo kimoja.

binti_wa_weti

Wapendwa nimerudi. Nilimpigia mama jana usiku baada ya boti ya mwisho, maana mtandao wa kwetu unatulia saa hizo. Nilianza kama alivyosema nahodha, nikamsomea 20:13 halafu 21:1 halafu nikaendelea mpaka aya ya nne, naye atafuta kila chozi katika macho yao, wala mauti haitakuwapo tena. Akaniambia rudia ile ya kwanza. Nikarudia. Akasema rudia tena. Nimeisoma mara nne.

Halafu akauliza "imesema inawatoa?" Nikamwambia ndiyo mama, inawatoa. Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, kisha akaanza kunisimulia siku ile baba alivyotoka, mambo ambayo miaka yote hii hajawahi kunisimulia, kwamba alivaa shati la kijivu lililopasuka begani na yeye mama alimwambia livue nilishone akasema nikirudi. Nahodha, kasema nikwambie pia kwamba siku ile hayakuwa maji ya bamvua, yale makubwa yenye nguvu, kama watu walivyokuwa wakisema, yalikuwa maji mafu, yale madogo, baba asingetoka bamvua kwenye kusi alikuwa anajua kazi yake. Kasisitiza sana nikwambie hilo.

Nilimsomea na ya mama mwani ya Ezekieli, akacheka kidogo. Akasema kuna mtu atafurahi.

Sasa kaniomba kitu. 2 Novemba mwaka huu anataka kushuka pwani lakini si peke yake, anataka asomewe mistari ile pale pale majini kwa sauti na mshumaa uwashwe ndani ya karai lisipulizwe na upepo. Na jirani yetu mmoja, yule aliyetoka na dau lake siku tatu kumtafuta baba, mama kesha mwambia na kasema atakuja kusimama naye. Nimeomba ruhusa kazini. Mama anauliza kama kuna padri au katekista anaweza kuwepo, na yale maneno ya kuzikia mtu baharini kama yapo kwa Kiswahili.

katekista_mkunazini

Nayatafuta leo hii, na nisipoyapata kwa Kiswahili nitakaa na padri tuyaandike kwa Kiswahili kizuri. Nitakuja na boti ya asubuhi tarehe 1. Niandikie kwenye inboksi jina la baba kamili kama alivyobatizwa, nataka litajwe.

nahodha_mstaafu

Mwambie mama yako nimesikia kuhusu maji mafu na namuamini. Na mimi nakuja.